Kilemba cha Mama Afiba

Wanawake wote wa ukoo wa Oma Filomene walikuwa wameshasemeshwa na Mama Afiba, isipokuwa mjukuu wake Wina. Hilo lilijulikana mtaa mzima wa Frimangron, na Wina mwenyewe alilijua kuliko wote.

Mama Afiba alikufa zamani, tangu zama za utumwa. Alikuwa mtumishi wa ndani katika shamba moja la miwa huko Commewijne, na alichowaachia wajukuu zake hakikuwa shamba wala dhahabu. Aliwaachia namna ya kufunga kilemba. Mjini Paramaribo vilemba vina maneno. Mkunjo huu unasema “Nisubiri kwenye kona,” ule unasema “Waache waseme,” na mwanamke akipita barabarani na hasira zake kichwani, kila mtu anazisoma. Mkunjo wa Mama Afiba uliitwa “Umbea Hauingii Hapa,” kwa kuwa ulishuka upande wa kushoto ukafunika sikio lote, na la kulia ukaliacha wazi. Hakuna ukoo mwingine uliokuwa nao. Kitambaa chenyewe kilishabadilishwa mara nyingi, kikichakaa kinanunuliwa kingine cha miraba myekundu vilevile, lakini mkunjo haukuguswa. Wala hakikuguswa kijifuko cha pamba kilichoshonwa kwa ndani, upande huohuo wa kushoto. Hicho, alisema Oma, ndicho kizibo cha umbea, na atakayekunja bila kizibo ajue amekunja dekio.

Kila Keti Koti, siku ya kukumbuka minyororo ilivyokatika, mwanamke mmoja wa ukoo alikivaa. Ikipita kama saa moja, sikio la kushoto lilianza kuuma. Hapo watu wote wanajua kwamba Mama Afiba ameanza kusema. Mvaaji anaingia chumba cha nyuma, anakaa kimya, anasikiliza, kisha anatoka na kuwaambia wenzake alichoambiwa. Tanta Hilly, binti wa mwisho wa Oma na mama mdogo wa Wina, aliambiwa amwache mumewe, akamwacha, na hata mume mwenyewe alikiri kwamba marehemu hakukosea. Mama yake Wina, Mungu amrehemu, aliambiwa atazaa msichana. Oma aliambiwa mambo kila alipokivaa, mengine ya mvua, mengine ya majirani, jambo ambalo kwa kilemba kisichoingiza umbea lilikuwa la kushangaza kidogo.

Wina alivikwa akiwa msichana wa chuo. Alikaa chumba cha nyuma mpaka chakula kikapoa mezani, akasikiliza kwa moyo wake wote, na hakusikia kitu. Sikio liliuma tu. Alipotoka alisema hivyohivyo, maana uongo hakuuweza.

“Labda Mama Afiba hajui lugha ya kwenu huko juu mtoni,” Tanta Hilly alimtania, na nyumba nzima ikacheka.

Wina naye alicheka. Baba yake alikuwa Mndyuka, mtu wa juu mtoni, wa wale ambao mababu zao waliwatoroka mabwana wakaingia msituni na kuwapiga vita. Watu wa Oma walikuwa wa rangi ya asali, na asali hiyo walijivunia. Wina alitoka mweusi kama baba yake. Hakuna aliyemnyima sahani wala kitanda, la hasha, Oma alimlea kama yai. Ila tangu siku ile swali lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Je, Mama Afiba alinyamaza kwa sababu alimtazama akaona huyu si wake?

Swali kama hilo wengi wangelimeza na wali. Wina alikuwa mfinyanzi wa sanamu, na watu wa kazi ile hawamezi kitu kabla hawajakigeuza pande zote. Basi mwaka ule wasanii walipoombwa watengeneze kazi za kuukabili utumwa, zionyeshwe katika ghala la zamani la kahawa kando ya mto siku ya Keti Koti, Wina hakuumiza kichwa. Angefinyanga kichwa cha Mama Afiba, kikubwa kama cha mtu, kimevaa kilemba chake mwenyewe. Sura yake hakuna aliyeijua, hakuachiwa picha wala mchoro. Wina alizunguka kwa jamaa zake akiwapapasa nyuso kwa vidole vyake, akachukua paji la uso la Oma, pua ya Tanta Hilly, kidevu cha mama yake kutoka kwenye picha ya harusi. Akimpa Mama Afiba uso, aliwaza, huenda atafungua mdomo.

Kilemba ndicho kilichobaki, na kilemba kilikuwa kwa Oma.

Alimkuta jikoni anakoroga wanga wa muhogo wa kupigia vitambaa. Oma alikuwa mwembamba, mnyoofu kama mfagio, na umri wake ulikuwa siri kati yake na Mungu.

“Kwenye maonyesho?” aliuliza bila kugeuka. “Watu wapite wanatafuna karanga wakimtazama mama yangu?”

“Hawatatafuna, Oma. Wataona kazi ya mikono yako. Hakuna mtu nchi hii anayekunja kama wewe.”

“Usinivike kilemba cha ukoka, mimi vyangu vina wanga.” Lakini alikuwa amefurahi, mgongo wake ulionyesha. “Utawaambia yeye alikuwa nani?”

“Niambie wewe niwaambie nini.”

Oma alifuta mikono. Habari hiyo aliipenda kuliko nyimbo za kanisani.

“Waambie hakuwa mtumwa wa kupigwapigwa ovyo. Hakuna mjeledi uliomgusa. Misi, mke wa bwana, alimpenda mpaka akampa kitambaa cha kichwa kwa mkono wake, cha miraba myekundu, kitu cha gharama. Ndicho cha kwanza hicho. Wengine huko mashambani walikatwa miguu, walichomwa chapa. Sisi tulipewa zawadi.”

“Kwa nini alimpa?”

“Unauliza kwa nini mtu anapendwa? Wewe tangu utotoni, kwa nini, kwa nini. Njoo tumwombe ruhusa mwenyewe.”

Walitoka nje, uani, na kibuyu cha maji. Wina akasimama kushoto mwa mchikichi ambapo wazee waliokufa humwagiwa maji, na Oma akamshika bega akamsogeza.

“Kulia, mwanangu. Mama Afiba husemeshwa kulia. Nimekufundisha mara ngapi?”

“Lakini kwa nini…” Wina alianza, akajikata mwenyewe, akasogea. Siku zote aliambiwa kulia ni upande wa heshima. Ila Mama Afiba tu ndiye aliyefanyiwa hivyo, wazee wengine walimwagiwa maji popote mtu aliposimama. Aliliweka hilo akilini pamoja na maswali mengine, na akilini mwake hapakuwa na nafasi kubwa iliyobaki.

Oma alimwaga maji kidogo kidogo, akanong’ona, akasubiri. Kisha akasema Mama Afiba amekubali, mradi udongo uwe mzuri.

*

Kichwa cha udongo kilikuwa kwa Radjen, rafiki yake Wina aliyekuwa na tanuri la kuchomea vyungu nyuma ya nyumba yao. Mvua zilikuwa hazijaisha na udongo ulikauka kwa uvivu. Walipokuja Oma na Tanta Hilly kukivalisha kilemba, kichwa kilikuwa kimekauka lakini hakijachomwa, hali ambayo udongo unaonekana mgumu kumbe ni mwepesi kuvunjika. Wina alitaka kuona kilemba kinavyokaa kabla ya moto, ili kama kuna pa kupunguza apunguze.

Oma aliingia na kilemba ndani ya kasha la keki. Alipokiona kichwa alisimama.

“Ni yeye,” Oma alisema. Kisha akakaribia, akakunja uso. “Lakini mbona mweusi hivi?”

“Ni udongo wa Para, Oma. Ndio rangi yake.”

“Mama Afiba alikuwa rangi ya asali.”

“Nani alimwona?”

“Tunazo ngozi zetu,” alisema Tanta Hilly, akinyoosha mkono wake kama anauza kitambaa. “Hii ilitoka wapi?”

“Kwa bwana shamba, Tanta. Asali yote ile ilitoka kwa bwana. Mama Afiba yeye alitoka wapi?”

Tanta Hilly aliurudisha mkono wake. Radjen, ambaye babu zake waliletwa na meli kutoka India kukata miwa ile ile, aliinama akaanza kufagia mahali palipokuwa safi.

“Rangi tutazungumza baadaye,” Oma aliamua. “Nipisheni.”

Alikitoa kilemba kwenye kasha. Kilikuwa kigumu kwa wanga, miraba imenyooka, kazi ambayo huwezi kuisemea ubaya hata ukilipwa. Akakiweka juu ya kichwa cha udongo. Kikainama upande. Akakitoa, akakirudisha. Kikainama tena, kama mlevi anayetafuta ukuta.

“Umekosea kichwa,” Oma alisema.

“Nimepima kwako, Oma. Kichwa chako hiki.”

“Hata kwangu huinama mwanzoni. Kinataka kusukumwa kidogo, sikio lilale. Kitulie, mama, kitulie.”

“Oma, taratibu, udongo haujacho…”

Alichelewa. Oma alibonyeza upande wa kushoto kwa kiganja, kama alivyobonyeza vichwa vya wanawake wa ukoo wake maisha yake yote, na kitu kikalia kwa ndani, tak. Sikio la udongo likaanguka mezani, likabiringika, likasimama kwenye ukingo wa sahani ya rangi.

Oma alitazama mkono wake.

“Nimemharibu,” alisema kwa sauti ndogo.

“Si kitu, Oma, nitabandika jingine, ni kazi ya…”

“Angalieni lakini,” Tanta Hilly alisema. “Sasa kimekaa.”

Kilikuwa kimekaa kweli. Kimekaa sawa, hakijainama kulia wala kushoto, kimeshuka shavuni kama kifuniko kilichorudi kwenye chungu chake. Wina alisogea. Miaka yote alikiona kilemba kile kwenye vichwa vya mama zake wadogo, na sikuzote kilikuwa na uvimbe kidogo hapo kushoto, wakakibana kwa pini. Uvimbe haukuwapo. Pande mbili za kichwa zililingana, kana kwamba chini ya kitambaa sikio la kushoto nalo lilikuwa mahali pake.

Alikiinua polepole, akakigeuza. Akachukua sikio la udongo, akaliweka kando ya kijifuko cha pamba. Urefu ule ule. Mviringo ule ule kwa juu, na huku chini palipopungua, kijifuko nacho kilipungua.

Akaviinua vyote viwili Oma avione.

“Oma,” alisema, “hiki si kizibo.”

“Ni kizibo. Mama yangu aliniambia, na mama yake…”

“Oma, tazama. Hiki ni sikio.”

Oma alitazama. Tanta Hilly alitazama. Radjen aliacha kufagia, akasema anakwenda kuona kama mbwa amefungwa, akatoka, na mbwa hakuwa naye.

“Alikuwa na sikio moja,” Wina alisema. “Kilemba hiki alijitengenezea ili mtu asione. Ndiyo maana kinakaa hapa tu. Kwenye vichwa vyetu hakikai, tunakilazimisha. Na kulia, Oma. Unatusimamisha kulia ukimwita. Alikuwa anasikia kulia.”

“Huenda alizaliwa hivyo,” alisema Tanta Hilly haraka. “Huenda alianguka. Huenda mbwa. Watu wanapata ajali.”

“Huenda,” Wina alikubali. “Sijui, Tanta. Hakuna wa kutuambia.”

Oma alikuwa ametafuta ndoo, akaigeuza, akaikalia na gauni lake zuri. Alikuwa anahesabu kitu kwa midomo, kama mtu anayerudia sala aliyofundishwa utotoni na kuyasikia maneno yake kwa mara ya kwanza.

“Misi alimpa kitambaa,” alisema. “Bwana alikuwa anamtaka Afiba. Mtoto amekwisha kuzaliwa, mweupe, nyumba nzima inamwona. Na Misi akampa Afiba kitambaa cha kichwa. Cha kufunika alichokata.”

Mvua ilianza juu ya bati. Wina alichuchumaa mbele ya bibi yake. Alijuta, tuseme ukweli, alijuta kwamba alizaliwa na maswali. Zawadi ile ilikuwa fahari ya mwanamke huyu, aliibeba kanisani na sokoni, na leo mjukuu wake amemvua hadharani.

“Oma, nisamehe. Tunaweza kuliacha. Nitabandika sikio, tutabana kwa pini, hakuna atakayejua.”

“Nyamaza kwanza.” Oma alimshika mkono. “Wewe siku ile ulipovaa. Ulisikia nini?”

“Unajua, Oma. Sikusikia kitu.”

“Uliniambia nini? Sema vile ulivyosema.”

“Nilisema liliuma tu.”

Oma alitikisa kichwa, akaendelea kutikisa. Machozi yalimshuka na hakuyafuta.

“Na mimi liliuma tu,” alisema. “Tangu mara ya kwanza mpaka leo. Nilitoka chumba kile nikawakuta wananitazama wote, mama yangu, mama zangu wadogo, nikaona aibu. Nikasema ameniambia mvua itachelewa. Ikachelewa. Basi mwaka uliofuata nikatafuta jingine.”

Wina aligeuka kumtazama Tanta Hilly. Tanta Hilly aliangalia dirisha.

“Msinitazame,” alisema. “Sawa. Na mimi.”

“Na mumeo?”

“Yule nilitaka kumwacha mwenyewe. Nani angenikubalia bila mkubwa wa kunisemea?” Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamgeukia mdomoni. “Wina, na mimi nikakucheka. Siku ile nilijua umesema kweli, ndiyo maana nikakucheka.”

Kuna msamaha unaotaka hotuba, na kuna ule unaotaka tu mtu asogee akupishe kiti. Wina alisogea. Tanta Hilly akakaa chini kwenye gunia la udongo karibu naye, na sketi yake nyeupe ikaharibika bila mtu kusema kitu.

Udadisi wa Wina lakini haujui msiba. Baada ya muda aliuliza, “Liliuma wapi hasa?”

“Wapi vipi? Sikioni.”

“Wapi sikioni?”

Oma aliinua kidole akagusa, hapo juu, sikio linaposhikana na kichwa. Tanta Hilly alikuwa ameshagusa. Wina alijikuta naye amegusa, mahali pale pale, na wakakaa hivyo wote watatu wakitazamana.

“Kumbe tulisikia,” alisema Oma.

*

Siku ya Keti Koti mji mzima ulitoka na koto zake, magauni mapana yenye tabaka juu ya tabaka, na vilemba vya kila neno. Ghala la kahawa lilijaa. Kichwa cha Mama Afiba kilikuwa katikati, kimechomwa, cheusi chenye wekundu, maana siku walipokitoa tanurini Oma alikipapasa shavu akasema rangi iachwe hivyohivyo. Sikio halikubandikwa. Lilichomwa peke yake na kuwekwa pembeni, na kijifuko kikafumuliwa kikawekwa jirani yake. Kilemba kilikuwa kichwani, kimeinuliwa kidogo upande ule, mtu akitaka kuona aone.

Wasimamizi walikuwa wametaka jina la mkunjo waandike chini. Wina alimwuliza Oma, na Oma alisema waache tupu mpaka atakapokuja.

Alikuja amechelewa, na watu walipomwona wakaanza kunong’onezana. Oma Filomene alikuwa amevaa koto iliyopigwa wanga mpaka inasimama yenyewe, na kichwani hakuwa na kitu. Mvi zake zilisukwa mikia miwili, masikio yake yako nje, makubwa kuliko watu walivyodhani. Keti Koti bila kilemba, mwanamke wa umri ule! Jirani mmoja akashindwa kujizuia.

“Oma Filomene, Umbea Hauingii kiko wapi leo?”

“Kimerudi kwa mwenyewe,” Oma alisema, akapita.

Alimshika Wina mkono, akaenda naye mpaka mbele. Watu walipisha. Tanta Hilly alikuja nyuma na kibuyu cha maji. Wina alikwenda mwenyewe kusimama kulia, safari hii Oma hakuwa na haja ya kumsogeza, ila alimtanguliza mbele yake, karibu kabisa na sikio lile zima, mahali ambapo husimama anayeanza kusema.

“Msemeshe wewe,” Oma alisema. “Wewe ndiye uliyesikia wa kwanza ukasema ulichosikia. Neno lako ndilo waandike hapo chini.”

Wina alikuwa ameandaa maneno mengi kwa siku ile, mengine ya kusomwa. Yote yalimtoka akilini. Aliinama mpaka mdomo wake ukakaribia udongo wa Para, ambao ulikuwa rangi yake.

“Mama Afiba,” alisema, “linauma.”